Maji ya Embu, Mikoko ya Kwetu



Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunawaomba radhi wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao hawakosi kutuuliza baada ya darsa, kwa kuwa ukurasa huu ulikosekana kwa wiki mbili. Tulikuwa safarini bara. Binti yetu, anayesomesha Embu, alijaaliwa mtoto wa kike, na tukaitwa kwa akika. Tulikwenda watu watatu: sisi, mama watoto, na kaka yetu mkubwa.

Hilo la kaka ndilo lililotushika kalamu. Kwa miaka kadhaa hatukuwa tukisema naye ila kwa salamu, na salamu zenyewe zilikuwa zile za wajibu. Zamani alikuwa akituita "mdogo wangu". Tangu mwaka 2018 akawa anatuita "Sheikh", na kila alipolitamka neno hilo tulijua maana yake si heshima.

Kaka ni mkata mikoko, kama alivyokuwa baba yetu na babu yetu. Wenye kujua Lamu wanajua kazi hiyo ilivyo. Watu huondoka na mashua wakati wa bamvua, maji yakiwa makubwa, wakaingia ndani ya vijito na kulala huko siku nyingi, matopeni, na mbu na chumvi. Miti hupimwa kwa unene wake na kila kipimo kina jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkataji mwenye adabu hutazama mti kwanza kabla ya kunyanyua shoka, akaacha ulio mchanga. Boriti za kwetu zilijengea nyumba za Lamu na Pate, na majahazi yalizipeleka hadi Arabuni kwa pepo za kusi, ambako hapana miti ya kujengea. Msikiti tunaosalisha umeezekwa kwa boriti alizokata baba yetu. Tunalisema hili kwa sababu litarudi.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mwanzo kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa. Mikoko nayo ikaingia katika katazo hilo. Ijumaa iliyofuata tulipanda mimbarini tukatoa khutba juu ya kuihifadhi ardhi. Tulisema kwamba wanaokata miti ni wafisadi katika nchi, na kwamba katazo ni rehema. Khutba ilisifiwa. Kaka alikuwa safu ya tatu, chini ya boriti za baba, na wanawe wawili kandoni mwake, na siku ile nyumbani kwake hakukuwa na kazi wala akiba. Baada ya sala hakungoja kupeana mikono.

Hatukusema uongo mimbarini. Mikoko ya Lamu ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mizizi yake ndiyo malezi ya kamba, kaa na samaki wachanga, na ndiyo inayozuia bahari isile nchi. Lakini mtu anaweza kusema kweli na bado akadhulumu, kwa kuchagua ni kweli ipi aiseme na mbele ya nani.

Basi mama watoto ndiye aliyemwalika kaka safari hii, wala hakutuuliza. Alisema mtoto ni mjukuu wa wote wawili. Wanawake wana njia yao ya kufungua milango ambayo wanaume hukaa nje yake wakitafuta funguo.

Embu sisi watu wa Pwani tulikuwa tukiijua kwa jambo moja tu, nalo ni muguka, kama Meru tulivyoijua kwa miraa. Mwaka 2024 baadhi ya magavana wetu walipotangaza kuupiga marufuku, jina la Embu lilitajwa katika mabaraza yetu kama jina la adui. Hilo tutaliandikia siku nyingine. Tuliyoyaona huko ni mashamba ya chai na kahawa, wanawake wakali wa kazi, baridi inayoingia mifupani alfajiri, na maji. Kila bonde lina mto. Ukingoni mwa mji wa Embu unapita Rupingazi, na ukishika njia ya Meru kupitia Chuka unavuka Thuci, na Mutonga, na Nithi, na vijito ambavyo majina yake hatukuyashika. Yote yanashuka kutoka Mlima Kenya, wenye mita 5,199, ambao juu yake ni mbuga ya taifa tangu mwaka 1949. Mama watoto, ambaye amechota maji ya kisima cha chumvichumvi maisha yake yote, alikuwa akishika kioo cha dirisha kila daraja akisema, "Subhanallah, na hili nalo?"

Siku ya tatu baada ya akika mkwe wetu alitupeleka upande wa Mbeere kuiona Hifadhi ya Mwea. Ni hifadhi ndogo, kilomita za mraba 42 tu, iliyotengwa mwaka 1976 pale mto Thiba unapokutana na Tana. Ndani mna ndovu, viboko, twiga na ndege wengi wa majini, na kuna ua wa umeme, kwa kuwa mashamba ya mahindi yamefika hadi ukingoni. Kaka hakuwatazama sana ndovu. Alisimama akitazama maji, akauliza, "Huu ndio Tana wetu?"

Mkwe akamjibu kuwa ndio wenyewe, na kwamba unazuiwa mara tano katika sehemu hizi: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa la kwanza kujengwa lilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilikamilika mwaka 1981. Humo ndimo inamotoka sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi hii. Baada ya hapo Tana unakwenda, Garissa, Hola, Garsen, hadi Kipini, safari ya mto mzima ikiwa kiasi cha kilomita 1,000.

Kaka akanyamaza kwa muda, kisha akaanza kusema, na hatujapata kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu miaka ile. Mama yetu mzazi alikuwa na jamaa Ozi, karibu na mdomo wa mto, na utotoni tulikuwa tukipelekwa kule msimu wa maembe. Ozi palikuwa mahali pa mpunga na maembe. Mto ulikuwa ukifurika kwa wakati wake, ukaacha tope jipya juu ya mashamba, na watu wakapanda mpunga juu ya tope hilo. Siku hizi bahari inaingia mtoni. Maji ya chumvi hupanda hadi mashambani, mpunga hukauka na miembe hufa imesimama. Kaka alisema, "Mkoko si samaki. Hauishi kwa chumvi peke yake. Unataka tope la mto na maji matamu kidogo. Sisi tulioukata tunaujua. Wanaulinda mti mdomoni, na huku juu wamefunga koo." Akageuka akatutazama. "Sheikh, katika khutba yako ulilitaja bwawa?"

Hatukuwa tumelitaja. Wala hatukuwa tunalijua.

Tusieleweke vibaya. Taa ya chumba cha uzazi alimozaliwa mjukuu wetu inawashwa na umeme, na huenda ni wa bwawa hilo hilo. Na si mabwawa peke yake yanayobadilisha mto. Mashamba ya juu yanaukunywa, na mvua zenyewe zimebadilika. Lakini aliyetolewa kazini ni mmoja tu, na tulimtoa kwa aya na hadithi.

Usiku ule binti yetu alipokwisha kumnyonyesha mtoto alituuliza swali: je, katika dini yetu kuna mbuga? Alikuwa ameulizwa na wanafunzi wake akakosa jibu. Tukamwambia ipo, na jina lake ni hima.

Kabla ya Uislamu wakuu wa makabila ya Arabuni walikuwa wakijitengea malisho. Inasimuliwa kwamba mkuu alikuwa akipanda mahali pa juu na mbwa wake, akamfanya abweke, na kote ilikofika sauti ya mbwa kukawa ni kwake peke yake, naye bado akalisha pamoja na watu katika malisho yao. Mtume, sala na amani zimshukie, akaubatilisha mtindo huo, akafundisha kwamba hapana hima isipokuwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani kwa maslahi ya Waislamu wote. Yeye mwenyewe akaitenga Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa jeshi, na Madina yenyewe akaifanya haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe.

Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipoongeza hima nyingine, alimweka mlinzi, mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Maagizo aliyompa yamo katika Sahihi ya Bukhari, na tumeyasomesha madrasani zaidi ya miaka ishirini. Alimwamuru awe mpole kwa watu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, lakini awazuie wanyama wa matajiri wawili, nao ni Ibn Awf na Ibn Affan, masahaba wakubwa wote wawili. Sababu aliyoitoa ni kwamba matajiri hao, mifugo yao ikifa, wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini wake wakifa atamjia Umar na watoto wake, na Umar hataweza kumwacha, na majani na maji ni mepesi kwake kuyatoa kuliko dhahabu na fedha.

Tulipofika hapo binti alituuliza, "Na Ami angekuwa nani katika kisa hicho?" Ami yake alikuwa sebuleni, pazia tu kati yetu. Tuliona haya kujibu.

Akika ilikuwa Embu, lakini wazazi wa mkwe wanakaa Meru, upande wa milima ya Nyambene, mahali ambapo nchi inaanza kushuka kuelekea mbuga. Baba yake si wa dini yetu, lakini alipotuona alimleta beberu na kisu akatutaka tuchinje kwa mkono wetu wenyewe, ili tule bila shaka moyoni. Mzee amevuka miaka themanini. Baada ya chakula alituuliza tunatoka wapi hasa katika Pwani. Tukamwambia Lamu. Akatuuliza kama tunakijua kisiwa kiitwacho Mbwaa.

Hatukukijua. Akasimulia, kwa Kiswahili kizuri cha watu wa bara, kwamba Wameru wa zamani walikuwa wakiishi Mbwaa, kisiwani, kandoni mwa maji yanayokwenda na kurudi. Wakaja watu wa nguo nyekundu wakawatawala na kuwafanya watumwa. Watu hao wakawapa masharti mazito yasiyotimizika, wakitafuta sababu ya kuwaangamiza. Ndipo wakaondoka usiku, wakavuka maji hadi bara, wakatembea vizazi na vizazi hadi kufika mlimani. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Meru, aliona kuwa Mbwaa ilikuwa katika kisiwa cha Manda. Wapo wataalamu wenye shaka. Lakini Manda sisi tunaiona kila asubuhi ng'ambo ya mkondo, tukitoka sala ya alfajiri.

Mzee alimaliza, na chumba kikanyamaza. Hao wa nguo nyekundu wanadhaniwa ni nani, kila mmoja pale alijua. Tulitafuta la kusema. Tungeweza kusema kwamba ni masimulizi tu, au kwamba utumwa ulikuwako kila mahali. Maneno hayo tumeyasikia yakisemwa na watu wetu, na hata sisi tumewahi kuyasema. Kaka ndiye aliyejibu: "Basi mzee, siku ukija Lamu usije kama mgeni."

Mzee alicheka hadi akafuta machozi, akamshika kaka mkono, na tangu hapo wakawa hawaachani.

Wakaenda kukaa chini ya mti, nasi tukawafuata kama wanafunzi. Mzee alieleza kuwa ujana wake alikuwa na mizinga ya nyuki kule chini, ambako sasa ni Mbuga ya Taifa ya Meru. Mbuga ilitangazwa mwaka 1966, kilomita za mraba 870. Mizinga ikabaki ndani na yeye akabaki nje. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, majangili wenye bunduki waliingia wakaua vifaru weupe waliokuwa na walinzi wao, na ndovu wengi. Leo vifaru wamerudishwa na wana ua wao. Mzee alisema haichukii mbuga. Wajukuu wake wanauza vitu langoni, na mito haijakauka. Kisha akasema kwamba hata wao wana misitu isiyokatwa tangu kale, na wazee wa Njuri Ncheke ndio walioisimamia. "Na mimi nilikatazwa na Njuri," alisema, "lakini waliokataza nilijua nyumba zao. Ningeweza kwenda jioni nikasema, nina shida."

Kaka akatikisa kichwa. Hakututazama, nasi tukaelewa kuwa hakuwa na haja.

Kesho yake tuliingia mbugani, watu tisa katika gari la kukodi. Wageni wengi huenda kuona kaburi la Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, karibu na mto Ura. Mama watoto aliposikia kwamba ni kaburi la simba alisema yeye ana makaburi ya kutosha ya kuyazuru kwao. Lililomshika yeye ni mikoma. Mbuga ile imejaa mikoma kando ya mito, mirefu, imepandana, majani yake mapana hayajaguswa na mkono. Akina mama mnaosuka mtaelewa. Kwetu miyaa siku hizi hununuliwa kutoka mbali na bei yake haishikiki. Alimwita mlinzi, akamwamkia vizuri, akamuuliza kama anaweza kupata makuti mawili matatu tu machanga, ya mkeka wa mjukuu. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimjibu, "Samahani mama, hata jani moja haliondoki." Mama watoto akarudi garini akasema, "Sasa najua shemeji anavyohisi."

Mlinzi huyo huyo alitufikisha ukingoni mwa Tana, ambao ndio mpaka wa mbuga upande wa kusini. Ng'ambo yake ni Kora. Maji yalikuwa mekundu kwa udongo. Kaka alitazama viboko na mamba walipo, akachagua mahali pa salama, akachota kwa kiganja akaonja. Alitikisa kichwa. "Matamu," alisema. Kisha akamuuliza mlinzi maji haya huchukua siku ngapi kufika Kipini. Mlinzi hakujua, akasema hajapata kufika Pwani. Tulisali adhuhuri pale karibu na gari, na kaka ndiye tuliyemtanguliza awe imamu. Alikataa mara mbili.

Njiani kurudi tulimwambia tuliyopaswa kumwambia mwaka 2018. Hatutayaandika hapa. Alisikiliza, kisha akasema khutba ilitolewa hadharani, na msamaha hauombwi ndani ya basi.

Kwetu hifadhi si jambo geni. Malindi na Watamu zina mbuga za bahari tangu mwaka 1968, ambamo uvuvi haukubaliwi kabisa. Kaskazini mwetu, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979. Ni safu ya visiwa vidogo zaidi ya hamsini, vimejipanga kama boma kati ya bahari kuu na pwani, na ndani yake kasa hutaga, nguva hulisha kwenye nyasi za bahari, na ndege hutotoa juu ya mawe. Kwa kuwa Kiunga ni hifadhi na si mbuga, sheria inamruhusu mvuvi wa kienyeji kuvua kwa njia zake za asili. Ule ndio mlango wa Hunayy. Upo katika maandishi. Kwa mikoko ndiko tunakotaka kuuona: mkataji mdogo anayejulikana, kwa idadi, kwa kipimo, kwa zamu, naye apande anapokata. Akina mama wa visiwani wanaopanda miche ya mikoko matopeni tangu miaka kadhaa nao wasikilizwe, na walipwe kwa jasho lao badala ya kupewa fulana na kupigwa picha.

Ijumaa tuliyorudi tulikwenda nyumbani kwa kaka saa mbili asubuhi na karatasi ya khutba mkononi. Aliisoma yote, kwa kuwa ana kisomo kizuri, ingawa miwani yake imevunjika mkono mmoja. Akafuta mstari mmoja tuliokuwa tumemsifu, akasema hataki kusifiwa. Pale tulipoandika "wakataji" akaongeza kwa kalamu aina mbili: anayeacha mti mchanga na asiyeacha, akasema hao wa pili tuwaseme tunavyotaka. Akataka Ozi itajwe kwa jina. Tukaitaja. Tukataja pia kwamba tulikosea, na lini, na mbele ya nani.

Barua ya ombi iliandikwa Jumatatu baada ya isha, msikitini, na wakataji kumi na wanne wakatia sahihi pamoja na akina mama saba wanaopanda. Ilipelekwa Jumanne. Majibu hayajafika. Kaka bado anakaa safu ya tatu. Jana baada ya sala alingoja, akatuonyesha kwa kidole boriti moja juu ya mihrabu, ya upande wa kulia, imeliwa na mchwa, akasema, "Mdogo wangu, hii yataka kubadilishwa kabla ya mvua. Tutaipata wapi?"